Sanamu za Ndoto na Kumbukumbu: Kusaka Chanzo cha Kasoro za Udongo

Kasoro ya udongo huzaliwa siku moja na kuonekana siku nyingine. Ufa unaoukuta tanurini huenda ulianzia mezani wiki tatu nyuma, mkono ulipounganishwa na bega. Glezi, yaani utando wa kioo juu ya sanamu, inayochanika ikiwa kabatini baada ya miezi minane ilikosewa siku ile ulipochagua joto la kuchomea. Ndiyo maana swali la kwanza si "nizibe vipi?" bali "hili lilitokea lini?" Anayefinyanga ndoto na kumbukumbu hulazimika kujiuliza hivyo mara nyingi kuliko mfinyanzi wa vyungu, kwa kuwa maumbo yake ni yaleyale udongo usiyoyapenda: ukuta mnene kando ya mwembamba, viungo vinavyoning'inia, nguo zilizochovywa, vitu vya marehemu vinavyotakiwa viingie ndani.

Kabla ya dalili yoyote, pata namba moja. Kata kipande cha udongo wako chenye urefu wa sm 14, upana wa sm 4 na unene wa sm 1. Kikiwa bado kibichi, chora juu yake mstari wa sm 10 kamili. Pima mstari huo kikikauka, kisha baada ya kila uchomaji. Ukibaki sm 8.8, udongo wako hunywea asilimia 12, na sanamu inayotakiwa kuwa na sm 50 mwishoni lazima ianze na 50 ÷ 0.88, yaani karibu sm 57. Rudia jaribio kwa kila shehena mpya ya udongo hata kama jina kwenye mfuko ni lilelile. Hesabu kadhaa zitakazofuata zinategemea namba hiyo.

## Ufa upo, ila haijulikani ulitokea lini

Chukua tochi na uangalie kingo. Ufa uliopanuka mdomoni na kufifia kadiri unavyoingia ndani, kingo zake zikiwa zimechakaa, ni ufa wa kukauka: sehemu moja ilinywea kabla ya jirani yake. Ufa mwembamba kama unywele, wenye kingo kali, zinazolingana kama karatasi iliyochanwa, mara nyingi ni wa kupoa. Sanamu ikiwa na glezi, ushahidi ni bora zaidi. Glezi iliyojiviringa na kulainika kwenye ukingo wa ufa inasema ufa ulikuwapo glezi ilipokuwa majimaji. Glezi iliyokatika kali kama wembe inasema ufa ulikuja glezi ilipokwisha kuganda.

Ukishajua kuwa ni wa kukauka, tazama ulipo.

Ukiwa chini, kwenye kitako, sanamu iliganda kwenye ubao. Kitako cha sm 40 kinachonywea asilimia 6 wakati wa kukauka hupungua sm 2.4, kila ukingo lazima usafiri zaidi ya sm 1 kuelekea katikati. Kisipoteleza, kinachanika. Weka karatasi mbili za gazeti zenye mchanga mwembamba katikati yake. Kwa sanamu nzito zaidi ya kilo 15, tandaza bapa la udongo uleule, unene wa mm 8, liwe mkeka wake: linywee pamoja nayo mezani na tanurini, kisha litupwe.

Ukiwa kwenye kiungo, ama pande mbili zilikuwa na unyevu tofauti, ama zilibandikwa bila kuumana. Subiri zote zifikie ugumu wa ngozi, pale udongo unapokubali kukatwa kwa kisu bila kunata. Piga chale za kukatana zenye kina cha mm 2 hadi 3. Paka uji wa udongo uleule uliochanganywa na siki kidogo, kisha gandamiza huku ukitikisa mpaka uhisi pande zimekamatana na hazitaki tena kuteleza. Zungushia kamba nyembamba ya udongo kwenye mshono na uisugue iingie. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka: funga sanamu yote kwa plastiki siku mbili, unyevu ulingane, ndipo uanze kuikausha.

Ukiwa kwenye ncha, yaani vidole, masikio, manyoya au majani, ncha zilikauka zikiwa peke yake. Zifunge kwa plastiki nyembamba au zipake nta, uache tumbo la sanamu wazi. Kukausha kunatakiwa kutoka katikati kwenda nje, kinyume na upepo unavyotaka.

Na ukiwa mahali ambapo unene unabadilika ghafla, hakuna dawa ya kukausha itakayosaidia. Choma sindano yenye alama ya mm 12 kutoka nje kila baada ya sm 5. Pale isipotokeza ndani, pana nyama ya ziada. Kata kichwa au kiwiliwili kwa waya kikiwa na ugumu wa ngozi, komba ndani mpaka ukuta uwe mm 10 hadi 12, kisha unganisha upya. Sanamu za utamaduni wa kale wa Nok wa Nigeria, zenye zaidi ya miaka 2,000, nazo zilijengwa na uwazi ndani, na mboni zake zikatobolewa. Mboni hizo hutazama, na papo hapo huachia mvuke.

Ukitaka kuta zinazozidi mm 15 kwa makusudi, badilisha udongo wenyewe: ongeza chenga za vigae vilivyosagwa asilimia 25 hadi 40, zenye ukubwa mchanganyiko kuanzia vumbi hadi mm 2. Chenga hizo zimeshachomwa na hazinywei tena, hivyo mwili mzima hunywea kidogo na kupitisha maji nje kwa urahisi.

Ufa wa kupoa ni habari nyingine. Chembe za kwatzi (madini ya silika) zilizo ndani ya udongo hubadili umbo zikivuka nyuzi 573 za Selsiasi, zikitanuka wakati wa kupanda na kunywea wakati wa kushuka. Kitako kinene kinaposhuka kupitia hapo, ngozi yake hutangulia na moyo wake hubaki nyuma. Kuna kizingiti cha pili karibu na nyuzi 226 kwa udongo uliochomwa juu sana, na hapo ndipo mkono wenye haraka hufungua mlango "kuchungulia tu". Usifungue kabla kipimo hakijashuka chini ya 100.

## Sanamu imelipuka

Wengi hulaumu mapovu ya hewa. Hewa peke yake haivunji ukuta. Maji ndiyo huvunja. Yakigeuka mvuke hutanuka karibu mara 1,600, na yasipopata njia hujitengenezea. Povu huumiza pale tu linapogeuka kidimbwi.

Soma vipande. Magamba ya duara yaliyobanduka upande mmoja yanaonyesha unyevu uliobaki katikati ya unene. Kichwa kilichotawanyika chote kinaonyesha pango lililofungwa: lilikauka upande wa nje tu, ndani likabaki na jasho. Toboa tundu la mm 3 kwa kila pango, na usisahau kuta za ndani zinazogawa pango moja na jingine. Kope, pua, kwapa na chini ya kitako ni maficho mazuri ya matundu hayo.

Namna ya kujua kama sanamu ni kavu: iweke kwenye mizani kila asubuhi na uandike. Uzito ukirudia uleule siku tatu mfululizo, maji yanayoweza kutoka hewani yametoka. Kama haiingii kwenye mizani, ifunike kwa plastiki safi mahali pa joto kwa saa chache. Matone yakijikusanya ndani, bado. Kugusa kwa shavu husaidia pia, kwani udongo wenye unyevu huwa wa baridi kuliko chumba, lakini shavu hupima ngozi ya sanamu tu. Ukuta wa sm 1 huhitaji wiki moja hadi mbili. Wa sm 3, wiki nne hadi sita. Asiyeweza kungoja wiki sita ajenge ukuta mwembamba.

Ratiba ya uchomaji wa kwanza kwa sanamu yenye kuta za sm 2 hadi 3:

1. Panda nyuzi 25 kwa saa hadi 90, na ubaki hapo saa 8 hadi 12, tundu la tanuri likiwa wazi. Kwa ukuta wa sm 1, saa 3 zinatosha.
2. Panda 30 kwa saa hadi 200.
3. Panda 60 kwa saa hadi 600. Katika sehemu hii maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe hutoka, na kwatzi hugeuka.
4. Panda 80 kwa saa hadi 900, na ubaki saa 1 ili kaboni iungue yote.
5. Malizia 80 kwa saa hadi joto ulilokusudia, tuseme 1,000 hadi 1,060.
6. Zima, ziba matundu, na uondoke.

Hatua ya nne hupuuzwa sana. Ukivunja kipande ukakuta moyo mweusi, kaboni haikupata hewa ya kuungulia. Itakusumbua kwenye glezi kwa vitundu vidogo, au ukipandisha joto juu zaidi, mwili wenyewe utavimba kama maandazi.

Neno moja kuhusu kipimo. Waya wa kupima joto husema nyuzi za hewa ya tanuri wakati huo. Koni, yaani vijipiramidi vya kupimia vinavyowekwa tanurini, ambazo Hermann Seger alizibuni Ujerumani mwaka 1886, hupinda kwa joto na muda kwa pamoja. Ratiba mbili zinazofika nyuzi zilezile lakini moja ikachukua saa 8 na nyingine saa 20 hazitoi sanamu moja. Weka koni kwenye kila rafu, andika jinsi ilivyopinda, na hoja ya "mbona mara ile ilitoka vizuri" itapata jibu.

## Bapa lililonyooshwa limepinda tena tanurini

Hapa udongo unakumbuka. Chembe zake ni vibamba vidogo vinavyolala kufuata mkono ulivyovisukuma. Ukinyanyua bapa kwa ncha moja likajikunja, kisha ukalilaza likanyooka machoni, mpangilio wa chembe ndani bado umejikunja, na kunywea kutaurudisha nje. Usinyanyue bapa kwa mikono: liweke kati ya mbao mbili na uligeuze lote. Gandamiza pande zote mbili kwa kibao cha mpira, mapito kumi upande huu na kumi upande ule, kwa mielekeo inayokatana. Limeshapinda kwa bahati mbaya? Lipinde kiasi hichohicho upande wa pili, lirudishe katikati, ligandamize, kisha likaushe kati ya mbao za jasi au magazeti yanayobadilishwa kila siku.

Kumbukumbu hiyo unaweza kuitumikisha. Viringisha bapa kuzunguka mti, liache saa moja, linyooshe, kisha chora uso juu yake. Uso utajikunja tanurini kuelekea pale ulipokuwa. Kiasi hakitabiriki vizuri, kwa hiyo fanya vitatu.

## Sanamu imegeuka maelezo ya ndoto

Dalili: mtazamaji anasema "aah, ni ndoto," kisha anaendelea na safari yake. Kasoro hii haitokani na tanuri, ila ina chanzo kinachoshikika kama nyingine.

Chanzo cha kwanza ni alama za kuazima: saa inayoyeyuka, ngazi isiyofika, mlango katikati ya uwanja, jicho kiganjani. Zimetumika mpaka zikawa maandishi. Chanzo cha pili ni kuchelewa. Ndoto iliyoandikwa baada ya chai ni hadithi; akili imeshaipangia mwanzo na mwisho. Weka donge la udongo lenye uzito wa gramu 300 kwenye mfuko kando ya kitanda na ufinye kabla ya kusema na mtu, dakika tano, bila kuwasha taa kubwa. Usitafute sura, tafuta uzito ulikuwa wapi, nini kilikuwa kikubwa kupita kiasi, nini kilikuwa karibu mno. Ukipata vijidonge saba, chagua kimoja ambacho bado hukielewi. Kile unachokielewa mara moja kwa kawaida ni kile cha kuazima.

Chanzo cha tatu ni cha mkono: kila sehemu imefinyangwa kwa uangalifu uleule. Kumbukumbu haifanyi hivyo. Hushika kifungo cha shati la mtu kwa usahihi wa kutisha huku uso wake ukiwa ukungu. Kwa hiyo gawa kazi: sehemu moja ya tano ya sanamu ipewe undani wote ulio nao, zilizobaki zirudishwe nyuma. Kurudisha nyuma ni kazi, si kuacha kufanya. Finyanga uso kamili kwanza, kisha ufute ukiwa na ugumu wa ngozi. Uso uliofutwa hubeba mifupa chini. Uso ambao haukufinyangwa kamwe huonekana kama kiazi.

Na hapo inakuja dalili ndogo: uso uliofutwa kwa sponji umekuwa mkwaruzo kama msasa. Sponji yenye maji huosha udongo laini na kuacha chenga zikichomoza. Futa kwa kibao cha mpira au chuma, ukizisukuma chenga ndani, na utumie sponji iliyokamuliwa kabisa mara ya mwisho tu.

## Kitu cha ukumbusho kilichotiwa ndani kimepasua ukuta

Ufunguo, kijiko, saa ya mkononi, kijiwe cha pwani: udongo hunywea, kitu hakinywei. Ukuta hujibana kukizunguka mpaka unachanika, na nyufa hutoka kwenye kitu kama miale. Tanurini mambo huwa mabaya zaidi. Alumini huyeyuka kwenye 660, shaba nyeupe ya funguo huyeyuka karibu na 900 hadi 940, chuma hutoa magamba, na kijiwe cha chokaa hugeuka unga.

Tengeneza nyumba yake, kitu kiingie mwishoni. Kwa ufunguo wa mm 60 na udongo wa asilimia 12, nafasi ibichi iwe 60 ÷ 0.88, yaani mm 68, na uongeze mm 2 za kupumulia: 70. Gandamiza ufunguo ule ule upate alama yake, utoe, kisha panua kingo kwa vipimo hivyo. Wakati mwingine alama tupu inatosha, na mara nyingi ina nguvu zaidi ya kitu chenyewe. Ila alama nayo hunywea: ufunguo wa mm 60 utabaki mm 53 hivi. Kama unataka alama iwe kubwa kama kitu halisi, lazima uifinyange.

## Picha ya zamani haishiki juu ya glezi

Njia rahisi ya kuhamishia picha hutegemea chuma. Tona nyeusi (wino wa unga) ya baadhi ya printa za leza ina oksidi ya chuma. Karatasi na gundi huungua, chuma hubaki, na picha hutoka na rangi ya kahawia kama za zamani. Picha za rangi haziwezekani kwa njia hii, maana rangi za kawaida za tona huungua zote.

Chapisha kwenye karatasi ya stika za maji. Kata, loweka sekunde 30 hadi 60 kwenye maji ya uvuguvugu, telezesha utando juu ya sehemu laini iliyokwisha kuchomwa na glezi, kisha kamua maji kwa kibao cha mpira kutoka katikati kwenda nje. Acha saa 24. Panda polepole hadi 500 tundu likiwa wazi, kisha endelea hadi karibu 1,000 hadi 1,060.

Picha ikitoka hafifu, tona haina chuma cha kutosha. Nyunyizia unga wa tona kwenye karatasi na upitishe sumaku chini yake. Unga usipofuata sumaku, tafuta printa nyingine. Picha ikifutika kwa kidole, glezi haikulainika kiasi cha kuishika: ongeza nyuzi 20 hadi 30. Ikiwa ilikuwa nyeusi mwanzo wa majaribio na sasa imemezwa, umepita juu, na chuma kimeyeyukia ndani ya glezi. Madoa meupe ya duara ni maji yaliyobaki chini ya utando. Na kama umeibandika kwenye udongo usio na glezi, haitashika hata ufanyeje, kwa kuwa hapana kinachoyeyuka kuikamata.

## Nguo iliyochovywa imebomoka

Kitambaa kilichochovywa kwenye uji wa udongo huungua na kuacha ganda lenye mikunjo yake yote. Ganda likivunjika kwa kuguswa, tabaka ni jembamba: chini ya mm 2 hakuna cha kushikilia. Chovya mara tatu, ukiacha kila tabaka lipoteze mng'ao wa maji kabla ya lingine, mpaka ufike mm 3. Uji uwe mzito kama maziwa ya mgando, na uongeze nyuzi za karatasi ya chooni iliyolowekwa, asilimia 10 hadi 20 kwa ujazo. Nyuzi hizo hushikilia tabaka lisichanike likikauka.

Ikiwa uji umebanduka kama ngozi, kitambaa ni cha plastiki na hakikunywa. Tumia pamba au kitani, na ukiloweshe kwanza. Kitambaa cha plastiki kina tatizo jingine kubwa, nalo ni moshi wenye sumu. Hata pamba inahitaji tanuri lenye njia ya kutolea hewa nje ya chumba.

Na ikiwa ganda lilisimama mezani likaanguka tanurini, angalia kilicholishikilia. Mhimili wa tofali la tanuri haunywei. Nguo ilinywea na kushuka, tofali likabaki palepale, likaitoboa. Tengeneza mihimili kwa udongo uleule, mibichi siku ileile, ili vyote vishuke pamoja. Paka alumina, unga mweupe usioyeyuka tanurini, pale vinapogusana visigandane. Kanuni hiyohiyo huokoa mabawa, mikono iliyonyooshwa na watu wanaoelea.

Sanamu zinazolegea zikiwa na mihimili sahihi zimechomwa juu mno. Udongo unaokaribia kiwango chake cha mwisho huwa laini kama nta. Chungu cha kunywea kinahitaji kuziba vinyweleo. Sanamu ya ndani ya nyumba haihitaji. Shusha kutoka 1,220 hadi 1,100 na mikono itabaki hewani.

## Sura ya uzee haionekani, au imezidi

Mmumunyo wa chuma unaopakwa na kufutwa ili ubaki mabondeni ndiyo njia ya haraka ya kuipa sanamu umri. Ukitoka kama vumbi mikononi baada ya kuchomwa, umepaka oksidi tupu, hakuna kiyeyushi cha kuishikisha. Changanya oksidi nyekundu ya chuma na friti (unga wa kioo kinachoyeyuka kwa urahisi) kwa ujazo sawa, maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Ukitoka mweusi unaong'aa kama bati, umebaki mnene: futa zaidi.

Kwa ngozi inayopasuka kama ardhi kavu, glezi yenye kaboneti ya magnesi asilimia 25 hadi 35 hunywea ikikauka na kujivuta kuwa visiwa. Tatizo lake ni kuanguka kabla haijaingia tanurini. Ongeza gundi ya glezi asilimia 1, paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, na usiguse tena. Vipande vikianguka kwenye rafu baada ya kuchomwa, joto halikutosha.

Kwa mashimo kama ya mwezi, weka silikoni kabaidi laini sana asilimia 1 hadi 3. Hutoa gesi ndani ya glezi iliyoyeyuka, na mapovu huganda yakiwa yamepasuka. Hakuna mashimo? Glezi haikuyeyuka vya kutosha, au ilikuwa majimaji mno na mapovu yakajifunga. Mashimo makali kama vioo hulainishwa kwa jiwe la kunoa, kwa maji, macho yakiwa yamekingwa kwa miwani. Usisugue udongo wala glezi kavu bila barakoa yenye kichujio: vumbi la silika likiingia mapafuni halitoki.

## Ilitoka nzima, imeharibika baada ya miezi

Vipele vinavyoruka na kuacha shimo lenye kipunje cheupe chini ni chokaa. Kipunje kilichochomwa hunywa unyevu wa hewa, hutanuka na kusukuma. Vikiwa viwili vitatu, chimbua kipunje chote na uzibe. Vikiwa kila mahali, sanamu haiponi, na dawa ni kuchuja udongo ujao.

Utando mweupe kwenye ncha na kingo ni chumvi zilizosafiri na maji hadi yalipokaukia. Kaboneti ya bariamu asilimia 0.2 hadi 0.5 ndani ya udongo huzizuia, lakini ni sumu na inataka glovu na barakoa. Kwa sanamu chache ni afadhali kufunika ncha wakati wa kukausha, chumvi zitokee kitakoni.

Glezi kuchanika nyufa za utando baada ya muda, wakati mwingine kwa mlio wa "ting" usiku, hutoka kwenye mwili wenye vinyweleo. Udongo uliochomwa chini hunywa unyevu taratibu na kutanuka, na glezi haiwezi kuufuata. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Manchester na Edinburgh waligeuza tabia hii kuwa njia ya kukadiria umri wa vigae kwa kupima maji viliyoyanywa tangu vilipotoka motoni. Kama hutaki saa hiyo isikike kwenye sanamu yako, panda kutoka 1,000 hadi 1,100 au ongeza silika kwenye glezi, asilimia 5 kwa jaribio. Kama unaitaka, sugua wino mweusi kwenye nyufa za mwezi wa kwanza na wino wa kahawia kwenye zitakazofuata. Tofauti itabaki wazi.

## Kazi mbichi inayeyuka haraka mno, au haiyeyuki

Sanamu isiyochomwa, iliyokusudiwa kumomonyoka mbele ya watu, ina tabia inayoshangaza. Udongo mkavu kabisa ukizamishwa majini huvunjikavunjika ndani ya dakika chache. Udongo wenye ugumu wa ngozi hukaa saa nyingi, maana vinyweleo vyake vimejaa maji tayari na hakuna cha kuvuta. Ikiwa kazi yako haimomonyoki, bado ina unyevu. Ikiisha mapema mno, ongeza nyuzi za karatasi asilimia 20 hadi 30 kwa ujazo, au badala ya kuzamisha tumia matone, moja kila baada ya sekunde 5, mahali pamoja. Kipande kinachotakiwa kubaki wakati vingine vinaondoka kichomwe peke yake hadi 700: kikishavuka 600 hivi, maji hayakirudishi tena kuwa tope.

## Kimevunjika: kiungwe lini?

Kikiwa kikavu hakijachomwa, usitumie uji wa kawaida. Utalowesha pande mbili zitanuke na kupasuka upya kando ya mshono. Tumia uji wa udongo wa karatasi wenye siki, lowesha kingo kwa brashi mara tatu, bana, kausha siku tatu. Baada ya uchomaji wa kwanza uji huohuo huziba nyufa zisizobeba uzito. Baada ya uchomaji wa mwisho, moto hausaidii tena: ni gundi ya epoksi yenye sehemu mbili, pini ya chuma cha pua ya mm 4 kwa kiungo kinachobeba zaidi ya kilo 2, na matundu ya pini yatobolewe mapana mm 1 zaidi ya pini yenyewe ili gundi ipate pa kukaa. Anayetaka mshono uonekane kwa dhahabu, kama mafundi wa Japani wanavyofanya kwa utomvu wa urushi, ajue kwamba utomvu huo hukauka kwenye unyevu, si kwenye ukavu, na kila tabaka huwekwa ndani ya sanduku lenye kitambaa kibichi kwa siku kadhaa kabla ya lingine.